Beseni la maji, mche wa kioo au sidi ya zamani: tufundishie nini mwanga na rangi?

Kila mada ya mwanga inapokaribia, walimu wa sayansi huku Pemba huulizana jambo lile lile: tununue mche wa kioo, kile kipande cha kioo cha pembe tatu kinachotenganisha rangi za mwanga, au kuna njia nyingine? Wapo waliokwisha kupewa fedha kidogo na kamati ya skuli na wanaogopa zisije zikapotea bure. Wazazi nao huuliza wamnunulie nini mtoto aliyerudi nyumbani na swali la kwa nini upinde wa mvua una rangi. Basi nimeviweka vifaa hivi kimoja kando ya chenzake, kwa jicho la mtu anayefundisha darasa lenye watoto wengi na kabati lenye vitu vichache.

Msimamo wangu nausema mapema. Kama fedha inatosha kitu kimoja tu, usianze na mche. Anza na mabeseni ya maji na vioo vidogo vya kujitazamia, kila kikundi na chake. Mtoto aliyekishika kioo kwa mkono wake, akakiinamisha mpaka rangi zikatokea ukutani, tayari ana swali lake mwenyewe, na hapo kazi ya mwalimu imeshakuwa nusu. Aliyekaa kiti cha nyuma akauona mche mkononi mwa mwalimu ameona doa la rangi, basi.

Mche wa kioo

Mche una heshima yake na sitaki kuivunja. Mwaka 1666 hivi, Isaac Newton huko Uingereza alitoboa tundu kwenye kibao cha dirisha, akaacha mwale mwembamba wa jua uingie chumba chenye giza, akauweka mche njiani. Rangi zikatandazika ukutani. Lakini rangi zenyewe hazikuwa jambo geni. Watu walishaziona kabla yake, na wengi waliamini kwamba kioo ndicho kinachoutia mwanga rangi. Newton alifanya lililo zuri zaidi: aliichuja rangi moja peke yake, akaipitisha kwenye mche wa pili. Nyekundu ikatoka nyekundu vile vile. Kioo hakikuongeza kitu. Habari hiyo aliitangaza mwaka 1672, na hoja yake inasimama mpaka leo: mwanga mweupe wa jua ni mchanganyiko, na mche unaupambanua tu.

Angalia basi kilichotumika kuthibitisha. Ni miche miwili. Skuli nyingi zikinunua hununua mmoja, na kwa mmoja mwanafunzi mwenye akili ana haki ya kukwambia, “Mwalimu, mbona pengine kioo ndicho chenye rangi?” Huna la kumwonesha. Kwa hiyo ukiamua kununua, nunua miwili au subiri.

Sababu ya rangi kutengana ni kasi. Mwanga hewani huenda kilomita 300,000 kwa sekunde. Ukiingia kwenye maji hushuka hadi kama 225,000, na kwenye kioo cha kawaida kama 200,000. Kila unapopungua kasi kwa mshazari, hupinda. Urujuani hupungua zaidi kuliko nyekundu, kwa hiyo hupinda zaidi, na rangi nyingine hujipanga katikati yao. Kioo kinaupinda mwanga kuliko maji, ndiyo maana rangi za mche hutoka pana na zimekatika vizuri. Hapo beseni haliufikii mche, na kwa mwanafunzi wa kidato cha tatu au cha nne anayetakiwa kuchora mwale, kupima pembe na kuchomeka pini kwenye karatasi, hakuna kitu kinachochukua nafasi ya kioo chenye pande zilizonyooka.

Kwa madarasa ya chini, sivyo.

Beseni na kioo

Unahitaji beseni la kawaida la kufulia, maji safi, kioo bapa cha mfukoni na jua. Kwa bei ya mche mmoja utapata vioo vya kutosha vikundi kadhaa. Kingo za kioo zizungushie mkanda wa gundi, mikono ya watoto isikatike.

Weka beseni mahali jua linapofika, kwenye baraza au karibu na mlango. Kisimamishe kioo ndani ya maji kikielekea jua, nusu kikiwa kimezama, kimeegemea ukingo wa beseni. Sasa kiinamishe taratibu mpaka doa la mwanga lipande darini au kwenye ukuta wenye kivuli. Utaona madoa mawili: moja jeupe, lililotoka sehemu ya kioo iliyo juu ya maji, na jingine lenye rangi, lililopita majini. Waachie watoto wagundue wenyewe tofauti ya madoa hayo. Kioo ni kile kile, jua ni lile lile, kilichobadilika ni maji tu. Jaribio linajilinganisha lenyewe, na mche hauna kitu hiki.

Matatizo yake ni mawili na yote yana dawa. La kwanza, wengi hupata weupe katikati na rangi pembeni tu, nyekundu upande mmoja na buluu upande wa pili, wakadhani wamekosea. Kioo ni kipana mno: kila sehemu yake inarusha upinde wake, zinapandana na kurudi kuwa nyeupe. Kizibe kwa mkanda mweusi ubakishe mwanya uliolala, upana wa sentimita moja, chini ya maji. Kisha sogea mbali na ukuta, hatua tano au sita. Doa litafifia kidogo, lakini nyekundu, machungwa, manjano, chanikiwiti (yaani kijani), buluu na urujuani zitaachana. La pili ni mawimbi. Mtoto akiligusa beseni rangi zinavurugika na weupe unarudi, halafu maji yakitulia zinapangika upya. Mimi siwakatazi kuligusa. Hilo la rangi kuvurugika na kurudi kuwa mwanga mweupe mbele ya macho yao ndilo linalowafanya waanze kusema wenyewe kwamba weupe una kitu ndani yake.

Saa nayo ina neno. Visiwa vyetu viko nyuzi tano hadi sita na kidogo kusini ya ikweta, na jua la adhuhuri hukaa juu sana mwaka mzima. Hata mwezi wa Juni, likiwa limeelemea kaskazini kabisa, adhuhuri huwa kiasi cha nyuzi 60 kutoka upeo wa macho. Saa hizo kulikamata jua kwa kioo na kulipeleka ukutani ni kazi. Mkondo wa asubuhi ulifanye jaribio hili kipindi cha kwanza au cha pili, na mkondo wa mchana vipindi vya mwisho.

Na hili ni la lazima: hakuna kulitazama jua, si kwa macho matupu wala kupitia kwenye kioo, na hakuna kummulika mwenzio usoni. Mtoto atakayecheza na hilo mtoe nje ya kikundi bila kujadiliana.

Upinde wenyewe

Upinde wa mvua ni bure, ila hauna miadi. Ili uuone, lazima jua liwe mgongoni mwako na liwe chini ya nyuzi 42 kutoka upeo wa macho, kwa sababu matone ya mvua huurudisha mwanga kwa pembe ya nyuzi 42 hivi. Kwa Unguja na Pemba maana yake ni takriban kabla ya saa tatu asubuhi na baada ya saa kumi kasorobo alasiri. Huo wa saa sita mchana usiungojee, iwe masika au vuli. Watoto wa hapa wakiambiwa hivyo huanza kuuchunguza wenyewe na kuleta habari.

Usipotaka kungoja mvua, chukua chupa ya kupulizia maji ile ya kupigia pasi. Asubuhi mapema, lipe jua mgongo, pulizia mbele yako, matone yapigwe na jua na nyuma yake pawe na kivuli au ukuta mweusi. Utapata kipande cha upinde kwa sekunde chache. Kinapendeza, lakini ni kifupi mno kwa darasa kubwa. Kwa mzazi na watoto wake wawili watatu uani kinatosha kabisa.

Skuli yenye maabara ya kemia ina kitu bora zaidi na pengine haijui. Mwanzoni mwa miaka ya 1300, Kamal al-Din al-Farisi wa Uajemi, aliyefuata njia ya Ibn al-Haytham wa Basra katika elimu ya mwanga, alilichukua tufe kubwa la kioo lililojaa maji akalifanya tone moja la mvua. Akaufuatilia mwale: unaingia na kupinda, unaakisiwa ukutani mwa tufe kwa ndani, unatoka na kupinda tena. Chupa ya duara ya maabara inafanya kazi hiyo hiyo. Toboa kadi nyeupe, pitisha mwale wa jua kwenye tundu uigonge chupa iliyojaa maji, na duara la rangi litarudi kwenye kadi kulizunguka tundu. Napenda watoto wetu wakijue kisa hiki pamoja na cha Newton. Mara nyingi husikia kimoja tu.

Sidi ya zamani

Sidi za taarabu na kaswida bado zimelala makabatini, na nyingi hazichezi tena. Igeuze kwenye jua uone: rangi kali, zinazotokea bila taabu yoyote, kuliko beseni na kuliko mche. Kwa urahisi, sidi inashinda vyote.

Ila kuna mtego, na walimu wengi wanaupita bila kuuona. Sidi haipindishi mwanga kama maji. Uso wake una mistari iliyozungushwa kwa karibu mno, nafasi ya mikromita 1.6 kati ya mmoja na mwenziwe (mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita), na mwanga unaorudi kutoka mistari hiyo hukutana na kujipanga kulingana na urefu wa mawimbi yake. Urefu huo ni kama nanomita 400 kwa urujuani na 700 kwa nyekundu (nanomita elfu moja ni mikromita moja). Wimbi refu ndilo linalotupwa mbali zaidi. Kwa hiyo kwenye sidi nyekundu ndiyo inayoenda mbali, na kwenye mche ni urujuani. Mpangilio umegeuka. Mtoto aliyefundishwa kwa sidi peke yake ataandika kwenye mtihani kwamba nyekundu hupinda zaidi, na atakosa, ijapokuwa macho yake yaliona kweli. Ukitumia sidi, iandamanishe na beseni na uwaambie waziwazi kuwa hizi ni njia mbili tofauti.

Penye sidi pana sifa moja ambayo beseni haiwezi: kuchunguza taa. Chukua boksi tupu la tende, kata mwanya mwembamba upande mmoja, ingiza kipande cha sidi kwa mshazari upande wa pili, toboa tundu la kuchungulia juu yake. Elekeza mwanya kwenye taa. Balbu ya zamani ya waya itaonesha rangi zilizoungana toka mwanzo hadi mwisho. Taa ya mrija ya zamani (fluoresenti) itaonesha mistari iliyoachana, chanikiwiti hapa, buluu pale. Taa nyeupe ya LED, ile ya kisasa inayokula umeme mdogo, itaonesha buluu kali, halafu pengo lenye giza kidogo, halafu rangi nyingine. Taa zote tatu machoni ni nyeupe. Mtoto wa darasa la sita akiona hivyo, hakuna haja ya kumhimiza aulize.

Video na simu

Nitakuwa mfupi hapa. Video inafaa kuonesha kisichoonekana, kama mwale ndani ya tone. Kama badala ya jaribio, naipinga, na sababu si ya kikale. Kioo cha simu kina taa za aina tatu tu: nyekundu, kijani na buluu. Manjano ya upinde wa mvua wa kwenye video haitoki kwenye taa ya manjano. Ni nyekundu na kijani zilizowashwa pamoja, macho yakasema manjano. Urujuani nao umeigizwa kwa buluu na nyekundu kidogo. Unafundisha rangi za jua kwa kitu kisichokuwa nazo.

Lakini ubaya huo huo ni somo zuri. Weka picha ya manjano kwenye simu, chovya kidole majini, dondoshea tone dogo sana juu ya kioo. Tone linakuwa lenzi. Angalia kwa karibu: utaona vijidoa vyekundu na vya kijani vimepangana, na vya buluu vimezimwa. Badilisha picha iwe nyeupe, buluu zinawaka. Futa tone mapema.

Kuchanganya rangi: tochi tatu, pia ya kuzungusha au rangi za maji

Kupambanua ni nusu ya mada. Nusu ya pili ni kuchanganya, na hapa ndipo watoto wanapochanganyikiwa kweli, kwa sababu wanasikia kauli mbili. Mwalimu wa sanaa anasema rangi za msingi ni nyekundu, manjano na buluu. Wa sayansi anasema nyekundu, kijani na buluu. Wote wanafundisha skuli moja.

Wakongwe wa kusuka ukili wanaijua vizuri kauli ya kwanza. Ukili wa manjano ukiutia tena kwenye buluu unatoka kijani, na ukizidisha rangi juu ya rangi unaishia kwenye weusi. Kila rangi inayoongezwa inanyang’anya sehemu ya mwanga. Mwanga wenyewe unakwenda kinyume: kila unachoongeza kinasogeza kwenye weupe.

Skuli nyingi huonesha hilo kwa pia. Unapaka duara la kadi rangi saba, unalizungusha, na kitabu kinasema litakuwa jeupe. Haliwi. Linakuwa kijivu chafu, kwa sababu kila rangi iliyopakwa inarudisha sehemu tu ya mwanga unaoipiga. Watoto wanaona kijivu, mwalimu anasisitiza nyeupe, na wanajifunza kwamba sayansi ni kukubali usichokiona. Kwangu mimi pia ibaki mchezoni.

Tochi tatu ndizo nazozichagua bila kusita. Tochi za simu zinatosha. Funika moja kwa plastiki nyekundu ya kufungia zawadi, ya pili kijani, ya tatu buluu, kila moja mikunjo miwili au mitatu. Zimulike zote kwenye ukuta mweupe mahali pamoja. Nyekundu na kijani zikipandana hutoa manjano, na hapo huwa kuna kelele. Ya tatu ikiongezwa, kati inakuwa nyeupe, au karibu na nyeupe. Ikielemea rangi fulani, isogeze nyuma tochi yenye nguvu. Kisha mwambie mtoto aweke mkono mbele ya ukuta. Vivuli vinatoka vitatu, vyote vya rangi: feruzi pale nyekundu ilipozibwa, waridi iliyokolea pale kijani ilipozibwa, manjano pale buluu ilipozibwa. Muulize kila mmoja ni tochi gani iliyokosekana kwenye kivuli chake. Ni njia hii ya rangi tatu aliyoitumia James Clerk Maxwell, mwanafizikia wa Uskoti, mwaka 1861 kuonesha picha ya kwanza ya rangi.

Kikwazo ni giza. Madarasa yetu yana matundu ya hewa ukutani na mwanga unaingia kila upande. Tumia stoo, au yazibe madirisha kwa mablanketi. Skuli zenye dakhalia zina bahati. Wanafunzi wafanye baada ya isha, na umeme ukikatika ndiyo vizuri zaidi.

Mkiwa gizani humo, tandaza kanga ya kisutu. Imulike kwa tochi nyekundu peke yake: nyekundu na nyeupe zinafanana, nakshi nyingi inapotea, weusi tu ndio unaobaki. Badilisha iwe kijani: sasa nyeupe imekuwa kijani, na nyekundu imegeuka nyeusi, imeungana na weusi wa asili. Nguo haijabadilika. Imenyimwa mwanga mwekundu, basi haina wekundu wa kurudisha. Hakuna mche, sidi wala video inayolieleza hili kwa uwazi huo, na watoto wote wameshaiona kisutu kwenye harusi.

Chagua kwa hali yako

Msingi, darasa kubwa: mabeseni, vioo, na tochi tatu. Kidato cha kwanza na cha pili: ongeza sidi na boksi lake, lakini baada ya beseni, kamwe si kabla. Kidato cha tatu na cha nne: miche miwili pamoja na kitalu cha kioo (kipande kinene cha kioo cha mstatili) na pini, kwa sababu mtihani unataka pembe. Nyumbani: chupa ya kupulizia na tone la maji kwenye simu.

Mwalimu mwenzangu ukishanunua miche, usiifungie kabatini ikangoja mkaguzi. Ifunge kila mmoja kwenye kitambaa chake ili isigongane kingo, waoneshe wanafunzi wa kidato cha tatu namna ya kuishika pande za juu na chini bila kugusa nyuso zinazopitisha mwanga, kisha wape. Na katika kila kikundi mkumbuke mtoto, mara nyingi wa kiume, asiyeweza kutofautisha nyekundu na kijani. Hajibu vibaya kwa uvivu, macho yake ndivyo yalivyo. Mpe kazi ya kupima pembe, na wenzake wamsomee rangi.